CHUMVI NA KUTA ZA NYUMBA ZETU

Maneno ya mazungumzo yaliyosomwa mbele ya wanachama wa tawi



Tumeulizwa na wengi kwa nini chama cha wafanya kazi kipoteze jioni nzima kusema juu ya mabati, chokaa na misumari, na hali mishahara bado haitoshi. Jibu letu ni fupi. Nyumba ni sehemu ya mshahara. Mtu akilipa kodi ya nyumba ambayo ukuta wake umetoboka, amelipa fedha kwa kitu asichopewa. Na mtu akinunua mabati mapya kila baada ya miaka michache kwa sababu yale ya kwanza yameoza, nyongeza tuliyompigania mezani imekwisha kuliwa na kutu.

Jambo hili si geni kwa vyama vya pwani. Katika mwaka wa 1939 wafanya kazi wa Mombasa walipogoma, nyumba ilikuwa moja ya malalamiko yao makubwa. Januari 1947 mji ule ulisimama tena, bandarini, relini na majumbani, na ugumu wa maisha ya mjini, pamoja na kodi za nyumba, ulikuwamo katika sababu zake. Basi tukisema habari za ukuta leo, twaendelea na kazi ya wazee wetu.

Tutasema mambo manne: kwanza, adui ni nani, pili, namna ya kubadili ukuta usioharibika upesi, tatu, hatari za kazi yenyewe, nne, nani anapaswa kulipa.

ADUI NI NANI

Watu husema bati limeharibiwa na mvua. Si kweli yote. Mvua hunyesha Kericho kuliko pwani, na bati la huko hudumu zaidi. Adui wa pwani ni chumvi iliyo katika upepo. Mawimbi yakipasuka hurusha matone madogo sana, upepo huyachukua, na chumvi hukaa juu ya ukuta. Chumvi ina tabia ya kuvuta maji kutoka hewani, kama mjuavyo kwa chumvi ya jikoni inavyolowa wakati wa masika. Kwa hiyo ukuta wenye chumvi hubaki na unyevu usiku kucha, hata kama haikunyesha tone moja, na chuma chenye unyevu na chumvi hushika kutu mbio.

Tazameni jambo moja ambalo mafundi wengi wamelipita bila kuliona. Paa huoshwa na mvua, chumvi ikaondoka. Lakini ukuta ulio chini ya upenu hauoshwi. Chumvi hukaa pale mwaka baada ya mwaka. Ndiyo maana mara nyingi mtakuta paa bado zima, na bati la ukutani, pale juu penye kivuli, limekwisha kuwa kama chujio. Dawa yake haina gharama kubwa: ndoo ya maji baridi yasiyo na chumvi na kitambaa, mara moja kwa mwezi kwa nyumba zilizo karibu na bahari, hasa upande unaoelekea upepo. Maji ya kisima cha chumvi hayafai kwa kazi hii.

Bati si chuma kitupu. Limevikwa ngozi nyembamba ya madini ya zinki, au zinki iliyochanganywa na alumini. Ngozi ile hukubali kuliwa yenyewe ili chuma kisiliwe. Ikiisha, chuma kimebaki uchi. Kwa hiyo ukienda dukani usiulize geji peke yake. Geji yakuambia unene wa bati, na kumbukeni kwamba namba ikiwa kubwa bati ni jembamba: geji 32 ni nyembamba kuliko geji 28. Lakini uliza pia bati limevikwa zinki kiasi gani. Alama Z275 maana yake ni gramu 275 za zinki kwa kila mita moja ya mraba, pande zote mbili zikihesabiwa pamoja. Alama AZ150 ni gramu 150 za mchanganyiko wa alumini na zinki. Mwenye duka asipoweza kukuonyesha alama yo yote, hujui ununuacho.

Mtu atasema, bati zuri ni ghali. Tufanye hesabu, na hesabu hii ni mfano tu, si bei ya duka lo lote. Tuseme nyumba yahitaji mabati 20. Bati hafifu ni shilingi 1,000, nalo ladumu miaka 5. Bati bora ni shilingi 1,400, nalo ladumu miaka 10. Fundi atoza shilingi 8,000 kila mara. Katika miaka 10, mwenye bati hafifu atanunua mara mbili na kumlipa fundi mara mbili: shilingi 56,000. Mwenye bati bora atatumia shilingi 36,000. Aliyeona kwamba ameokoa shilingi 8,000 siku ya kwanza amepoteza 20,000 mwisho wake. Lakini twajua vile vile kwamba mwenye mshahara mdogo hana shilingi 36,000 siku moja, na hapo ndipo chama cha akiba na mikopo kinapofaa kuliko mkopeshaji wa mtaani.

NAMNA YA KUFANYA KAZI

Wakati. Kazi ya ukuta ifanywe wakati wa kaskazi, yaani Januari hadi Machi, kabla masika hayajaanza Aprili. Mwezi wa Mei ndio wenye mvua nyingi zaidi Mombasa. Mtu akivunja ukuta mwezi ule, watoto watalala majini.

Kuvunja. Usivunje nyumba nzima kwa mara moja. Vunja upande mmoja, tazama mifupa ya nyumba, tengeneza, kisha nenda upande wa pili. Bati jipya juu ya boriti iliyoliwa na mchwa ni kazi bure. Piga nguzo kwa nyundo ndogo na usikilize: iliyo nzima hulia kwa sauti kavu, iliyoliwa hulia tupu kama ngoma. Tazama hasa shubiri moja chini ya ardhi na shubiri moja juu yake, kwa maana hapo ndipo unyevu na mchwa hukutana. Atakayenunua boriti za mkoko apya na ahakikishe zimekatwa kwa kibali cha idara ya misitu, zisije zikanyang'anywa njiani.

Kupiga bati. Anza chini upande juu, ili bati la juu lifunike la chini na maji yateremke nje. Kwa upande, anza kutoka mwisho ule ambao upepo unaelekea. Kwetu mvua kubwa huja na kusi. Basi ukuta unaotoka kusini kwenda kaskazini uanzwe kaskazini, na kila bati linalofuata lipande juu ya lile lililotangulia. Hivyo mdomo wa maungio hautafunguka mbele ya upepo. Bati lisiguse ardhi. Liache shubiri moja chini, na ukuta wa mawe au wa saruji ujaze mahali pale. Acheni pia nafasi ya hewa nyuma ya bati, ili unyevu unaoingia upate njia ya kutoka.

Misumari. Nyumba nyingi za pwani hazikuharibiwa na bati, zimeharibiwa na msumari. Msumari mtupu wa chuma ukipigwa katika bati zuri, huoza wa kwanza, tundu hupanuka, na upepo hulibeba bati. Tumia misumari au skurubu zilizovikwa zinki nene, zenye kofia na mpira chini yake. Juu ya paa skurubu hupigwa kwenye mgongo wa bati ili maji yasiifikie. Ukutani hupigwa bondeni, palipolala juu ya mbao, ili bati lishike imara. Usikaze mno hata mpira ukapasuka.

Kukata. Kata bati kwa mkasi wa bati. Mashine ya kusaga yenye gurudumu linalozunguka ni ya haraka, lakini moto wake huunguza ile ngozi ya zinki, na cheche zake hunata juu ya bati na kuanza kutu siku ile ile. Mahali palipokatwa papakwe rangi ya zinki. Vumbi la chuma lililotoka katika matundu lifagiliwe kabla ya jua kuchwa.

Kutochanganya. Madini mawili tofauti yakigusana penye maji ya chumvi, moja humla mwenzake. Usiweke alumini pamoja na shaba. Usilaze bati juu ya mbao zilizotiwa dawa yenye shaba bila kuweka karatasi ya lami katikati. Na usibandike alumini juu ya saruji au chokaa mbichi, kwa kuwa chokaa mbichi huila alumini pia.

Kuta za udongo na za mawe. Wako wenzetu wengi wakaao katika nyumba za fito na udongo, au nyumba za zamani za mawe ya matumbawe na chokaa. Hawa wasidanganywe kwamba saruji ndiyo maendeleo. Ukuta wa matumbawe au wa udongo hupumua: unyevu huingia, kisha hutoka. Ukiupaka plasta ngumu ya saruji umeuziba pumzi. Maji huingia kwa ufa mdogo, hayapati njia ya kutoka, chumvi hukusanyika nyuma ya plasta, na mwaka wa pili au wa tatu plasta nzima huanguka kama ganda, ikichukua na jiwe. Waliojenga Lamu na Mji wa Kale wa Mombasa walitumia chokaa kwa sababu hiyo, na kuta zao zingali zimesimama. Plasta ya chokaa ipakwe kwa matabaka membamba, ifunikwe kwa magunia yaliyoloweshwa ili jua lisiikaushe upesi, kisha ipakwe maji ya chokaa mara kadhaa. Kwa nyumba ya udongo, jambo kubwa ni msingi wa mawe ulioinuka na upenu mrefu. Udongo wenye kofia nzuri na viatu vizuri hauogopi mvua.

Zege na nondo. Mwenye kujenga ukuta wa zege asitumie mchanga wa ufuoni usiooshwa, wala maji ya bahari. Chumvi itaingia ndani na nondo itaoza humo humo. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa. Kwa hiyo husukuma zege mpaka likapasuka na kumwagika. Mkiona ufa ulionyooka ukifuata mstari wa nondo, na maji mekundu yakitoka, msipake rangi juu yake. Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wazee. Lakini ufa wa namna hii hauzibwi kwa juu, sharti uchimbwe mpaka chuma kionekane na kusafishwa.

HATARI ZA KAZI

Sasa twaja kwenye jambo linalotuhusu sisi kama chama kuliko yote. Katika kubadili kuta watu huumia, na wengine hawajui kwamba wameumia mpaka baada ya miaka mingi.

Kwanza ni asbesto. Nyumba nyingi zilizojengwa zamani kwa ajili ya wafanya kazi ziliezekwa au kuzibwa kwa mabamba ya kijivu ya asbesto. Kenya iliyapiga marufuku katika mwaka wa 2006, lakini yale ya zamani bado yapo. Bamba likiwa zima na limetulia, hatari yake ni ndogo. Likivunjwa, likikatwa kwa msumeno au likisuguliwa kwa brashi ya waya, hutoa nyuzi ndogo zisizoonekana kwa macho. Nyuzi hizo huingia mapafuni na hazitoki. Ugonjwa wake, mapafu kukakamaa au kansa, huweza kuchukua miaka 20 au 40 kutokea. Kijana aliyevunja mabamba kwa ujira wa siku moja ataugua akiwa babu, na siku ile hapatakuwa na tajiri wa kumwuliza.

Kwa hiyo kila mwanachama ajue haya. Kazi ya asbesto si kazi ya kibarua wa njiani. Yataka watu waliofundishwa na wenye kibali, chini ya sheria za mazingira. Mabamba hulowanishwa kwanza, hufunguliwa yakiwa mazima bila kupigwa nyundo, hufungwa katika plastiki nene, na hupelekwa mahali palipowekwa na serikali. Kitambaa kilichofungwa puani hakizuii nyuzi hizi. Yataka barakoa maalumu ya vumbi laini, na nguo za kazi zisizochukuliwa nyumbani kuoshwa na mke wako au watoto. Tena twawaomba akina mama na wazee wa mitaa: vipande vya asbesto visitumiwe kuzibia banda la kuku wala kujengea choo.

Pili ni chokaa. Chokaa isiyozimwa ikikutana na maji huchemka. Ikiruka jichoni yaweza kupofusha. Ndoo ya maji safi iwe karibu siku zote, na aliyerukiwa aoshwe jicho kwa maji mengi kwa muda mrefu, kisha apelekwe hospitali, asingoje kesho.

Tatu ni vumbi la mawe na la mabamba ya saruji yakikatwa. Vumbi hilo nalo huharibu mapafu. Lowesheni kabla ya kukata.

Nne ni upepo na urefu. Bati refu mkononi mwa mtu aliye juu ya ngazi, kusi inapovuma, ni tanga la jahazi. Watu wawili wabebe, wa tatu ashike ngazi; na upepo ukizidi kazi isimame. Hakuna bati lenye thamani ya mgongo wa mtu.

NANI ALIPE

Ndugu, tusisahau kwamba si kila ukuta ni mzigo wa mfanya kazi.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 31, yasema kwamba mwajiri sharti ampe mfanya kazi wake nyumba ya kufaa karibu na kazi, au ampe fedha za kutosha kupanga nyumba ya kufaa. Lakini sheria hiyo ina mlango: ikiwa mapatano yako ya kazi yameunganisha fedha ya nyumba ndani ya mshahara, huwezi kuidai mara ya pili. Basi kila mmoja akasome barua yake ya kazi usiku wa leo. Asiyejua kusoma amletee katibu wa tawi. Hiyo si aibu.

Kwa wale wakaao katika nyumba za kazi: nyumba ya kufaa si nyumba yenye mlango tu. Ukuta uliotoboka, unaoingiza mvua juu ya kitanda cha mtoto, si ukuta. Tumekwisha kuona mahali ambapo tajiri alileta rangi mpya badala ya mabati mapya, wakaguzi wakapita, wakasifu, na masika yaliyofuata rangi ikaanguka pamoja na kutu yake. Hatusemi jina la mtu. Twasema kwamba neno "matengenezo" likiachwa peke yake katika mapatano, kila upande utalifasiri upendavyo. Yafaa iandikwe: kuta zitakaguliwa kila mwaka kabla ya masika, mjumbe wa chama akiwapo, bati lililotoboka litabadilishwa ndani ya siku zilizotajwa, na bati litakalowekwa litakuwa la alama iliyoandikwa, si la bei iliyopatikana.

Kwa wale wanaopanga: usitengeneze ukuta wa mwenye nyumba kwa fedha zako kabla ya kupata maandiko kwamba zitakatwa katika kodi. Maneno ya barazani hupeperuka. Andikeni karatasi mbili, sahihi mbili, shahidi mmoja, na weka stakabadhi zote.

Kwa wale wenye nyumba juu ya ardhi ya mtu mwingine, kama ilivyo katika mitaa mingi ya Mombasa, jihadharini zaidi. Nyumba ni yako, ardhi si yako. Wenye ardhi wengine hawataki kuona ukuta wa kudumu, kwa kuwa wauona kama dai. Kabla hujabadili udongo kuwa tofali, zungumza naye na upate neno lake kwa maandishi. La sivyo unaweza kujenga ukuta wa miaka 50 mahali utakapokaa miaka 2.

Na kwa wale wanaofanya kazi hii ya kubadili kuta kwa ujira: Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga vinavyofaa kwa kazi zenye vitu vya kudhuru. Ukiona hatari kubwa iliyo karibu, mwarifu msimamizi, na huwezi kulazimishwa kurudi mahali pale kabla haijaondolewa. Na Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya mwaka ule ule yamtaka mwajiri awe na bima kwa watu wake. Kabla ya kupanda ngazi, uliza: bima iko wapi? Kuuliza mmoja mmoja ni kujitafutia kufukuzwa. Tukiuliza wote pamoja, ni jambo la chama.

MAMBO YA KUFANYA

Tusiondoke hapa na maneno matupu. Twapendekeza kila mtaa uchague watu wawili. Hao wapite nyumba hadi nyumba kabla ya mwisho wa Januari, waandike mambo matatu: ukuta ni wa nini, umeharibika wapi, na nyumba ni ya nani. Wakiona bamba la kijivu la zamani wasiliguse, waandike tu na walete habari kwa katibu. Orodha ya nyumba za kazi tutaipeleka mezani kwa waajiri. Orodha ya wapangaji itatusaidia kuzungumza na wenye nyumba kwa sauti moja. Na wale wanaotaka kununua mabati wenyewe watajua majirani wangapi wanataka vile vile, kwa kuwa watu 15 wakinunua pamoja huweza kudai bei na kudai alama, na mtu mmoja huuziwa anachopewa.

Chumvi ya bahari hatuwezi kuizuia. Ilikuwapo kabla yetu na itabaki baada yetu. Lakini bati hafifu, msumari mbaya, barua isiyosomwa na kijana aliyetumwa kuvunja asbesto bila barakoa, hayo yote ni kazi za watu, na watu wanaweza kuyabadili.

Maswali sasa yaulizwe, na wale wa mtaa wa mbali waanze, maana basi la mwisho haliwangojei.